Kabla ya Kuihubiria Kianda Kubana Maji

Kila kiangazi kinapolishusha bwawa la Ndakaini, ambalo tangu 1994 limebeba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, wito ni ule ule: wananchi wabane maji, wayatumie tena waliyofulia. Wito si mbaya, ila umekosea mlango. Kianda, katika mtaa wa mabanda wa Kibera, maji ya kufulia hupigiwa deki, na yakibaki huoshewa choo au hunyunyiziwa vumbi. Anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 hafundishwi kuyahesabu. Sera yoyote ya kaunti ya kutumia maji mara mbili inafaa ianzie kwenye maghorofa ya mitaa ya kitajiri ya Kileleshwa na Lavington, na Kianda ipewe mtaro kwanza.

Kwa miaka mingi mtungi umeuzwa shilingi 2 hadi 5 siku za kawaida, na mgao ukikaza ukafika hata 20. Kwa shilingi 5, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, inagharimu 250, mara kadhaa ya anachotozwa mwenye bomba nyumbani. Mwaka 2006 ripoti ya UNDP ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi hulipia maji mara 5 hadi 10 ya bei ya matajiri wa jiji hilo hilo, tena zaidi ya watu wa London na New York. Mtaa mwingine wa mabanda, Kawangware, umepakana na Lavington, ambako choo cha zamani humwaga lita 9 kila kinapovutwa. Mara tano kwa siku, zaidi ya mitungi miwili ya maji yaliyotibiwa imeteremka na kinyesi, ilhali maji ya bafuni na ya mashine ya kufulia yangeifanya kazi hiyo.

Nguvu za kisheria zipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti huduma za maji, usafi na mifereji ya mvua, na ramani za majengo hupitishwa na kaunti hizo hizo. Tucson, mji wa jangwani huko Arizona, ulitunga sheria mwaka 2008 kwamba kuanzia 2010 nyumba mpya ziwekewe bomba la peke yake la maji yaliyoogewa na kufuliwa. Nairobi ikifanya vivyo hivyo kwa maghorofa mapya, watasema wajenzi kwamba gharama itamwangukia mpangaji. Itamwangukia kidogo: bomba la pili ni rahisi ukuta ukiwa bado haujapigwa lipu, na ghali ukilazimika kubomolewa. Ploti za mabati ziondolewe kabisa katika sharti hilo.

Zina sababu ya kuondolewa. Familia inayotumia maji machache huyachafua zaidi: sabuni ya unga, mafuta ya sufuria na nepi za mtoto vyote hukutana ndani ya beseni moja. Yakilazwa siku nzima yananuka na vijidudu huzaana. Bustani za magunia, zilizoenea Kibera tangu 2008, zinaweza kuyapokea yale ya kusuuzia, yakimwagwa kwenye udongo badala ya majani ya sukuma wiki. Yaliyobaki yanahitaji pa kwenda, na leo pa kwenda ni kichochoro, kisha mto wa Ngong na bwawa la Nairobi, lililochimbwa 1953 na sasa limefunikwa na magugu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kampuni ya maji yenyewe, kwa miaka kadhaa, imepoteza kati ya asilimia 40 na 50 ya maji kabla hayajalipiwa, kwa kuvuja na kwa wizi. Kwa nini basi aguswe mwenye nyumba? Kwa sababu kuziba mabomba ni kazi ya miaka, na kila ghorofa linalopitishwa wiki hii bila bomba la pili litasimama hivyo miaka hamsini. Lakini kaunti isiyotangaza hadharani, kila mwaka, imeziba kiasi gani, haina uso wa kumdai mwenye ghorofa la Kileleshwa, sembuse mama wa Kianda.