Huduma ya Kijiji Hufa kwa Kukosa Mlinzi

Kila kijiji hujua kwamba kupata huduma ni kazi. Lakini kuitunza ni kazi kubwa zaidi. Bomba linapofunguliwa watu hukusanyika, hotuba husemwa na ngoma huchezwa. Baada ya miaka michache koki huanza kuvuja, wala hakuna ajuaye ni wajibu wa nani kuitengeneza. Hapo ndipo huduma huanza kufa, hata kabla maji hayajakatika.

Wazee wa Mlima Meru walilijua jambo hili zamani. Waarusha, ambao Moshono ni sehemu ya nchi yao, walifanya makazi katika miteremko ya mlima tangu karne ya 19, wakachimba mifereji ya kuleta maji ya vijito mpaka mashambani. Katika lugha yao maji huitwa engare, na neno hilo lingalimo katika majina ya mahali kama Ngarenaro na Ngarenanyuki. Mfereji haukuwa mali ya mtu mmoja, wala haukuachwa bila mwenyewe. Walioutumia walikuwa na viongozi wa kugawa zamu za maji, kutangaza siku ya kuzoa matope na kuziba palipobomoka, na kumtoza aliyekosa kazi. Basi haki ya kumwagilia shamba iliambatana na wajibu wa kushika jembe.

Bomba lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia watu wote wa vijijini maji safi ifikapo mwaka 1991. Nia ilikuwa njema, na maji yalitolewa bure. Lakini fedha za mafuta, vipuri na mafundi zilitazamiwa kutoka Serikalini, na zilipokosekana mitambo mingi ilisimama. Mwaka 1991 ulifika, na lengo halikutimia. Kwa hiyo Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka wanavijiji wamiliki na kuendesha miradi yao, na kulipia uendeshaji wake. Kisha sheria ya mwaka 2019 iliunda wakala wa maji vijijini, yaani RUWASA, na kuweka vyombo vya jamii vya kuendesha maji. Moshono yenyewe leo ni kata ya Jiji la Arusha. Bali vijiji vingi vya mlimani vimo chini ya utaratibu huo wa vijijini.

Na tufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme kijiji kina nyumba 100, na kila nyumba hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hupatikana shilingi 1,200,000. Nyumba 40 zikikataa, hupungua shilingi 480,000, na huenda hizo ndizo zingalimlipa fundi. Tena, koki inayodondosha tone moja kila sekunde yaweza kumwaga kiasi cha ndoo moja kwa siku, kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira kilichochakaa. Bomba likikauka, ni akina mama na watoto waendao mtoni, na mtoto aliye mtoni hayuko shuleni.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Magharibi mwa Ayalandi kilikuwako kisiwa kiitwacho Great Blasket, ambacho wenyeji wake walisema Kiayalandi, lugha ya asili ya nchi ile. Vijana walihama, shule ikafungwa mwaka 1941, na daktari hakuwako. Mwaka 1953 Serikali iliwahamishia bara wakazi wa mwisho. Nyumba zikabaki magofu, na lugha ile haikusikika tena milangoni mwake. Lakini katika kisiwa kingine cha wasema Kiayalandi, Cape Clear, wenyeji waliunda chama cha ushirika mwaka 1969 ili washughulikie mahitaji yao wenyewe. Kisiwa hicho hata leo kina watu.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila huduma iwe na mlinzi ajulikanaye kwa jina, naye alipwe. Pili, ada iwe ndogo, lakini itolewe kila mwezi, si siku ya kuharibika tu. Tatu, daftari la fedha lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa maana watu huacha kutoa pale wasipoona fedha ziendako. Nne, maskini na wazee wasio na nguvu wasinyimwe maji. Mkutano uamue jinsi ya kuwachukulia.

Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani leo ulizeni: koki ya kwetu ikiharibika usiku huu, nani ataitwa asubuhi? Mkijibiwa kwa jina la mtu, huduma yenu ingali hai. Mkijibiwa kwa kimya, waambieni wazazi waitishe mkutano kabla koki haijaharibika.