Sabneti Katika Ghala la Korosho: Sehemu ya Pili

Msimu wa korosho ukifunguliwa, maghala ya Mtwara hujaa magunia, na siku hizi waya pia. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho hupigiwa mnada kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo hesabu ya kugawa anwani za IP, namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, katika mafungu madogo yaitwayo sabneti si mambo ya Dar es Salaam tu.

Chukulia ghala lenye kompyuta na simu 50 za ofisini, kamera 25 za ulinzi, na mizani na printa 10. Fundi amepewa 192.168.20.0/24, yaani biti 24 za mwanzo kati ya 32 hazibadiliki, na zinabaki anwani 256. Akianza na kundi kubwa, ofisi inapata /26: anwani 64, ambazo mbili hazipewi kifaa, ya kwanza ikiwa jina la sabneti na ya mwisho ya kutangazia wote. Zinabaki 62, na ruta nayo inachukua moja. Kamera zinafuata kuanzia .64 kwa /27, mizani kuanzia .96 kwa /28. Angeanza na mizani pale .0, ofisi isingeweza kuanzia .16, kwa kuwa fungu la 64 huanzia 0, 64, 128 au 192 basi, na katikati pangebaki pengo.

Ruta inahitajika lini? Wengi hudhani ni vifaa vikiwa mbali. Sivyo. Mkazi wa Kilambo, kando ya Mto Ruvuma, huenda Mtwara mjini kwa nchi kavu, lakini ng'ambo ya mto, anayoiona kwa macho, hafiki bila kuvushwa. Kompyuta yenye .10 ikitaka kamera yenye .70 hulinganisha kwanza biti 26 za mwanzo. Zikitofautiana, huikabidhi ruta mzigo, hata kama kamera imening'inia juu ya meza ileile. Fundi akiiandikia kompyuta hiyo /24 kwa mazoea, itaiona kamera kuwa jirani, itaiita moja kwa moja, na kwa kawaida haitajibiwa. Hapo ndipo waya usio na kosa hubadilishwa mara tatu.

Balaa kubwa huja matawi ya ghala yanapounganishwa. Ruta nyingi za dukani hutoka kiwandani na 192.168.1.0 au 192.168.0.0, basi tawi la Mtwara na la Newala hujikuta na anwani zilezile. Ruta haiwezi kujua .25 ipi inatafutwa. Anwani za ndani zilizotengwa mwaka 1994 zina fungu la 10.0.0.0 lenye anwani zaidi ya milioni 16, kwa hiyo ubahili hauna sababu: Mtwara ipewe 10.20.0.0/16, Newala 10.21.0.0/16, Tandahimba iwekewe 10.22.0.0/16 hata kabla haijaunganishwa. Kisha ruta ya Mtwara iandikiwe njia ya kwenda Newala, na ruta ya Newala nayo iandikiwe njia ya kurudi Mtwara. Hiyo ya Newala isipoandikiwa, ombi litafika Newala na jibu litapotea njiani, na fundi wa Mtwara ataapa kwamba kwake kila kitu kiko sawa.