Kutoka Uhuru hadi Uhura: Nichelle Nichols na Safari ya Neno la Kiswahili

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuyafuatilia maneno yaliyoingia katika lugha hii kutoka Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Ni mara chache wanapogeuka upande wa pili, wakatazama maneno ya Kiswahili yaliyotoka mwambao na bara yakaenda kuishi ugenini. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja la aina hiyo, nalo ni uhuru, kwa kufuata maisha na kazi ya mwigizaji wa televisheni aliyelichukua likawa jina lake mbele ya watazamaji: Nichelle Nichols wa Marekani. Suala linalohusika si la umbo la neno peke yake. Lapasa kuulizwa pia kama neno likivunjwa umbo ugenini hupoteza maana yake.

Nichols alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, jimbo la Illinois, na wazazi wake walimwita Grace Dell. Robbins ulikuwa mji wa watu weusi, na baba yake alipata kuwa meya wake. Binti huyo alijifunza kucheza baleti mjini Chicago, kisha akawa mwimbaji na mchezaji aliyefanya kazi na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Mwaka 1964 alipata sehemu katika mfululizo mmoja wa televisheni uliotungwa na Gene Roddenberry. Mtu huyo ndiye aliyemwita tena alipotunga mfululizo wa Star Trek, uliohusu chombo cha anga na mabaharia wake katika karne zijazo.

Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua kitabu, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962. Riwaya hiyo yaizungumzia Kenya iliyokuwa karibu kujitawala, nayo huitazama zaidi kwa macho ya walowezi. Neno lililo juu ya jalada lilimpendeza Roddenberry, akataka kumpa jina hilo ofisa wa mawasiliano wa chombo chake. Alipoona kwamba sauti yake ni nzito kwa jina la mwanamke, Nichols alishauri mwisho wake ulainishwe, na hivyo Uhuru ikawa Uhura.

Hapa mwanaisimu ana jambo la kusema. Neno uhuru limeundwa kwa shina -huru, lililotoholewa kutoka neno la Kiarabu hurr, yaani mtu asiye mtumwa, likatanguliziwa kiambishi u- cha majina ya hali. Irabu -u ya mwisho haikuwamo katika neno la asili. Ililetwa na desturi ya Kiswahili ya kutopenda silabi funge. Irabu hiyo haina uhusiano wowote na jinsia, kwa kuwa Kiswahili hugawa majina yake kwa ngeli wala si kwa kiume na kike. Mariamu, Zainabu, Saumu na Tatu ni majina ya wanawake, nayo yaishia kwa -u. Musa, Juma, Hamza na Mustafa ni wanaume, na majina yao yaishia kwa -a. Kwa hiyo ule unaoitwa ulaini wa -a ni fikira iliyotoka katika lugha za Ulaya, ikabandikwa juu ya neno la Afrika. Kwa kanuni za uundaji wa maneno ya Kiswahili, uhura halichanganuliki.

Hata hivyo sikio la Mswahili halilioni jina hilo kuwa geni kabisa. Lakaribiana mno na Zuhura, jina la kale la wanawake wa pwani, ambalo pia ni jina la ile sayari ing'aayo alfajiri na magharibi. Katika filamu ya mwaka 2009, ambamo nafasi hiyo ilichezwa na Zoe Saldana, mhusika alitajwa kwa jina lake la kwanza, Nyota. Bila shaka sadfa ndiyo iliyomkutanisha Zuhura na Uhura, lakini ni sadfa ifaayo kwa mwanamke wa angani.

Yafaa kukumbuka wakati wenyewe. Mfululizo ulianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, miaka mitatu hivi baada ya Kenya kupata uhuru. Mwaka huo huo Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili, kama vile umoja, ujima na imani. Wamarekani weusi, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa, walikuwa wakiitafuta lugha ya Kiafrika isiyokuwa ya kabila moja, na wengi walikiona Kiswahili kuwa ndicho. Neno lililoanza kwa maana ya mtu asiye mtumwa lilikuwa limefika mahali lilipohitajiwa.

Lakini isitiwe chumvi. Kiswahili chenyewe kilisikika kwa nadra sana katika mchezo huo. Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza alimsemesha Uhura kwa Kiswahili. Na katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, Uhura aliyepotezewa kumbukumbu alirudia Kiswahili alipokuwa akifundishwa kusoma upya. Zaidi ya hayo, lugha ilikuwa pambo. Isitoshe, mara nyingi mhusika mwenyewe aliachiwa maneno machache tu ya kupokea na kupeleka habari.

Upungufu huo ndio uliomfanya Nichols, mwishoni mwa msimu wa kwanza, aamue kujiuzulu na kurudi kwenye jukwaa. Kama alivyosimulia mara nyingi, wakati huo alikutana na Martin Luther King katika hafla moja, naye King akamsihi asiondoke. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walionekana katika televisheni jinsi ipasavyo kuonekana, kama watu wenye akili na heshima, na kwamba nafasi yake ikiachwa yaweza kujazwa na mtu yeyote. Nichols alibaki hadi mfululizo ulipokwisha mwaka 1969. Tarehe 22 Novemba 1968 ilionyeshwa busu baina yake na William Shatner, ambayo husemwa kuwa ya kwanza ya mweusi na mweupe katika televisheni ya Marekani. Wanahistoria wametaja mifano iliyotangulia, lakini hakuna iliyokumbukwa kama hiyo.

Kazi yake iliyodumu zaidi huenda ikawa ile aliyoifanya nje ya uigizaji. Mwaka 1977 alifanya mapatano na NASA, shirika la anga la Marekani, akazunguka nchini akiwahimiza wanawake na watu wa rangi mbalimbali waombe kuwa wanaanga. Katika kundi la watu 35 waliotangazwa mwaka 1978 walikuwamo wanawake sita, na miongoni mwa wanaume walikuwamo weusi watatu, akiwamo Guion Bluford, ambaye mwaka 1983 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, mwaka 1992, amesema waziwazi kwamba utotoni alimtazama Uhura akaona kuwa jambo hilo lawezekana.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 89. Mnamo Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa angani kwa roketi.

Je, Kiswahili kilidhulumiwa? Kwa umbo, naam, neno lilivunjwa. Lakini Waarabu nao wangeweza kudai kwamba hurr ilivunjwa ilipovishwa irabu za Waswahili. Kila lugha iazimayo hukata kwa kipimo cha mwili wake. Kilicho kikubwa ni maana, na maana hailindwi na irabu ya mwisho. Neno lilichukuliwa kutoka kitabu kilichoutilia shaka uhuru wa Mwafrika, likawekwa juu ya mwanamke mweusi aliyeketi katika chumba cha uongozi, akasikilizwa na mamilioni. Kamusi haina uhura, wala haina haja ya kuwa nalo. Lakini historia ya neno uhuru haitakamilika ikiwa haitamtaja aliyelibeba.