Moshi Ungurumao kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

Watu wetu wa pwani wakiyataja maporomoko ya Victoria huyataja kama watajavyo Paris: mahali pa wenye fedha, pa kutazamwa katika kalenda iliyotundikwa dukani. Mzungu hutoka kwao akavuka bahari akaja kuyaona, na sisi tulio bara hilihili twasema hayatuhusu. Lau mtu angepiga hesabu vizuri angeona kwamba maji yale hayana ghali kubwa. Ghali ni haraka ya kuyafikia, na anasa zilizopangwa kandokando yake.

Jina lenyewe ni jamaa yetu. Mosi-oa-Tunya, kwa lugha ya Kikololo, ni moshi ungurumao. Na huo mosi ni moshi wetu huuhuu, umevaa nguo nyingine. Watoka-Leya, waliokuwepo kabla ya Wakololo, wana jina lao, Shungu Namutitima. (Tahadhari: ukiagiza Mosi katika mkahawa wa Zambia, utaletewa bia.) Mto Zambezi hufika pale umetanuka kiasi cha mita 1,700, kisha ardhi ikakatika ghafla, maji yakaanguka takriban mita 108 katika ufa mwembamba. Mvuke wake huonekana kutoka mbali mno, kilomita thelathini na zaidi, na kwa huo hakuna anayekutoza senti.

Ama kuhusu njia, mwenye subira husafiri kwa nchi kavu. Toka Mombasa kwa basi, upite Lunga Lunga na Tanga hadi Dar es Salaam. Pale pana reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kwa ratiba ni safari ya siku mbili. Kwa desturi ni zaidi, na miaka ya karibuni huduma ya abiria imekatizwa mara kadhaa. Basi usikate shauri kwa uvumi, uliza stesheni kwanza. Ikiwa gari moshi halipo, yapo mabasi yapitayo Mbeya na mpaka wa Tunduma hadi Lusaka. Kutoka Lusaka hadi mji wa Livingstone ni kilomita zipatazo 470, safari ya mchana mmoja. Usisahau pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Jina la mji huo lataka kusemwa jambo. David Livingstone alifikishwa pale na Wakololo kwa mtumbwi tarehe 16 Novemba 1855, akayaita maporomoko kwa jina la malkia wake, kana kwamba waliomfikisha hawakuwa na jina la kuyaita. Alifariki Chitambo, katika nchi hiyohiyo ya Zambia, mwezi wa Mei 1873. Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi kama tisa! Marehemu akazikwa London kwa heshima kuu, na Susi na Chuma hawakuwepo mazishini. Walifikishwa Uingereza baadaye. Aliyebebwa ana mji na ana sanamu. Wewe uliyekaa ndani ya basi ukilalamikia kiti kibovu, jua kwamba njia kama hiyo wenzako waliitembea, tena na mzigo.

Ukifika Livingstone, kaa mjini, usikae mtoni. Hoteli za kando ya mto ni za watu wengine. Mjini zipo nyumba za wageni na hosteli za vitanda vingi chumba kimoja, ingawa baadhi ya hosteli zina baa na kelele hadi usiku mkuu. Asiyependa hayo atafute nyumba ya wageni tulivu. Kutoka mjini hadi maporomoko ni kama kilomita kumi. Panda teksi ya kuchangia. Usijitie ushujaa wa kutembea, kwani ndovu huikata barabara ile wapendavyo. Na nyani wa pale hawana haya: mfuko wenye chakula hupokonywa mkononi.

Kiingilio upande wa Zambia kwa muda mrefu kimekuwa nafuu kuliko upande wa Zimbabwe. Zimbabwe hupanga watu kwa tabaka: raia wake, raia wa nchi za SADC, na wageni wa dunia. Mtanzania amo ndani ya SADC; Mkenya hamo, kwa hivyo Mombasa na London huhesabiwa mamoja. Mwafrika akisoma bango lile hulazimika kumeza mate. Lakini lipo daraja la chuma, lililomalizika mwaka 1905, baina ya nchi mbili hizo. Mwenye pasipoti huomba kibali cha darajani kwa maofisa wa uhamiaji, akasimama juu ya korongo na kuona sehemu ya maporomoko bila ya kulipa kiingilio.

Chakula si tatizo kwa Mwislamu. Nshima ni ugali, na kapenta ni dagaa hasa, kwani samaki hao walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandwa katika ziwa la Kariba miaka ya 1960. Nyama ukiitilia shaka, samaki hana shaka. Kibla chetu Mombasa ni kaskazini. Kule elekea kaskazini ukiinamia mashariki kidogo. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa siku zisizofika nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, bado ni msafiri, aweza kupunguza sala.

Wakati ndio mtihani. Wengi hungoja likizo ya Desemba, wakakuta upande wa Zambia mwamba mtupu wenye michirizi, maana maji hupungua mno Oktoba na Novemba. Aprili mto umejaa, hata mvuke hukuficha kile ulichojia, na utarowa kama uliyepigwa na masika; chukua kikoi cha pili. Agosti maji yamepungua lakini macho huona.

Mimi ningechagua Mei au Juni, mwezi kumi na nne. Usiku huo mbalamwezi hupiga katika mvuke ukatokea upinde, mweupe kwa macho ya watu wengi kwa kuwa nuru yake ni hafifu. Washairi wetu wamemsifu mwezi kumi na nne kwa uso wa mpenzi tangu zamani. Hili la upinde hawakuliona. Mbuga hufunguliwa usiku katika siku hizo chache za mwezi mpevu, na kalenda ya Hijria itakuonyesha tarehe bila kumwuliza wakala yeyote: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Uliza mapema saa ya kufungwa lango, na patana na dereva wa teksi akungojee, kwani ndovu nao hutembea usiku.