Kocha Anayenyima Jibu

Mkulima anachuma jani la mbuni na kuligeuza. Chini yake kuna madoa ya unga wa rangi ya chungwa, unaobaki kidoleni ukiugusa. Analipeleka kwa mwezeshaji wa shamba darasa na kuuliza, "Hiki ni nini?"

Tumezoea jibu la haraka: hiyo ni kutu, nenda dukani ukanunue dawa, kesho asubuhi nyunyiza. Mwezeshaji aliyeifahamu kazi yake hasemi hivyo, hata kama jibu limemjaa mdomoni. "Umelitoa wapi, mama? Matawi ya chini au ya juu? Na ile mibuni iliyo kivulini ina hali gani?" Mama huyo hana majibu, kwa hiyo anarudi shambani pamoja na wenzake kwenda kutazama. Methali inasema mwenye macho haambiwi tazama. Shamba darasa limejengwa juu ya kumwambia mwenye macho atazame.

Mtindo huu haukuzaliwa katika semina za hotelini. Ulianza mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga ya Indonesia, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Wakulima huko walikuwa wakipambana na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga. Kila walipopiga dawa, dawa iliua buibui waliokuwa wakimla mdudu huyo, naye akarudi kwa wingi zaidi. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Lakini marufuku haimfundishi mtu kumtambua buibui aliye upande wake. Ndipo zikaja shule zisizo na ubao, ndizo mashamba darasa: kikundi kinakutana kila wiki, msimu mzima, kinahesabu wadudu, kinachora kilichoonekana kwenye karatasi kubwa, kinabishana, kinaamua. Asiyeamini huwafungia buibui na mdudu katika chombo kimoja, akasubiri aone nani ataliwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 shule hizo zilikuwa zimefika Kenya.

Zilikuta nchi iliyozoea amri. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa hapa Kenya ya Kati alikatazwa kupanda kahawa, na mlango ulifunguka kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, wanawake wa Murang'a, ng'ambo tu ya Thika, walikuwa wamegoma kuchimba matuta ya lazima. Matuta yenyewe huzuia mmomonyoko wa udongo, hilo halina ubishi. Ila hakuna aliyewauliza. Hata baada ya uhuru, afisa wa kilimo aliendelea kuja na ujumbe uliokwisha kupikwa Nairobi, na kazi ya mkulima ikawa kuitikia.

Kumsaidia mtu afikiri mwenyewe, kama alivyofanya mwezeshaji yule, siku hizi kunaitwa ukocha, nje kabisa ya uwanja wa mpira. Neno la Kiingereza lililozaa kocha, yaani coach, limetoka mbali: Kocs ni kijiji cha Hungary kilichosifika kwa magari ya farasi, na wanafunzi wa Oxford wa karne ya 19 wakalitumia kwa utani kumwita mwalimu wa faragha aliyewabeba mpaka upande wa pili wa mtihani. (Kwetu Kenya ni bahati halikuchanganyika na kochi la sebuleni, ingawa wapo makocha wanaokaa tu.) Aliyeligeuza zaidi ni Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, katika kitabu chake cha mwaka 1974. Aligundua kwamba mchezaji akielekezwa aitazame mishono ya mpira inavyozunguka, mkono hujirekebisha wenyewe vizuri zaidi kuliko akipigiwa kelele kuhusu kiwiko. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, akayaingiza mawazo hayo maofisini kwa kitabu cha mwaka 1992. Kilieneza mpangilio wa maswali wenye hatua nne, ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuziita lengo, hali, njia na nia.

Hatua hizo zinaeleweka vizuri zaidi Ruiru kuliko ofisini.

Ruiru ni mji wa kahawa uliogeuka mji wa nyumba. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapo tangu miaka ya 1940, na mwaka 1985 kilitoa aina iliyobeba jina la mji, Ruiru 11. Aina hiyo inahimili kutu na pia chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa Kenya huuita CBD. Mbuni wake ni mfupi, kwa hiyo hekta moja hubeba takriban miche 2,500, karibu mara mbili ya aina za zamani. Hata hivyo wengi hawakuikimbilia, kwani SL28, iliyochaguliwa miaka ya 1930, ilikuwa na sifa ya ladha na wanunuzi wakiitaka. Kisha barabara kuu ya Thika ikakamilika mwaka 2012, bei ya ardhi ikapaa, na mashamba makubwa ya kahawa yakaanza kuota maghorofa. Tatu City yenyewe imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya mibuni.

Sasa tuchukue mzee wa kubuni mwenye ekari mbili pembezoni mwa mji huo. Mibuni imezeeka. Ang'oe? Apandikize Ruiru 11 juu ya mashina ya zamani? Auze nusu ajenge vyumba vya kupangisha? Mtafiti atamweleza habari za kutu, benki itamweleza riba, mwanawe ataeleza anachokitaka yeye. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye jibu, kwa sababu jibu limefungamana na umri wa mzee, madeni yake, na jinsi anavyotaka kuamka asubuhi.

Kocha mzuri, awe mpwa wake au mwenzake wa kanisani, angeanza mbali na mibuni. "Mzee, miaka kumi ijayo ungependa shamba hili likufanyie nini?" Hilo ni lengo. "Mwaka jana lilikuingizia ngapi, ukitoa mbolea na vibarua?" Hiyo ni hali, na hapo ndipo wengi hukwama, maana daftari hakuna. Njia zinafuata, na sharti la ufundi ni kutoridhika na mbili: "Na lingine?" Swali hilo fupi lina kazi kubwa, kwa sababu wazo la kwanza mara nyingi ni la jirani na la pili ni la redio. Nia inakuja mwisho: utafanya nini, lini, na nani atajua umefanya?

Maswali yanayoanza na "kwa nini" yanahitaji tahadhari. "Kwa nini hukupogoa?" humweka mtu kizimbani, hasa akiulizwa na aliye mdogo wake. "Ni kitu gani kilikuzuia kupogoa?" huuliza jambo lile lile, na kumwachia heshima yake.

Ufundi huu umejaribiwa pia madarasani, na kwa vipimo. Kati ya 2011 na 2014 mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR uliendeshwa katika maeneo kadhaa, Kiambu ikiwemo, na mwaka 2015 ukazaa Tusome, iliyosambaa katika zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma nchini. Vitabu vilitangazwa sana. Kilichosemwa kidogo ni kwamba maafisa wa elimu walipewa tableti, wakatakiwa kukaa nyuma ya darasa, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kuzungumza na mwalimu. Nauli yao ilirudishwa kulingana na ziara zilizorekodiwa, na hilo liliwaondoa wengi mezani. Majaribio ya PRIMR yalionyesha pia kwamba idadi ni muhimu: kocha mwenye shule 10 aliwafikia walimu wake mara nyingi zaidi kuliko mwenye shule 15.

Zamani ziara ya afisa ilikuwa ukaguzi, na mwalimu aliificha chaki iliyovunjika. Mazungumzo ya kocha huanzia kwingine: "Mwalimu, wale wa safu ya nyuma ulipowaita wasome, uliona nini?" Ni kweli kwamba Tusome iliwapa walimu pia miongozo iliyoandikwa hatua kwa hatua, na wapo walioiona kama minyororo. Lakini mwongozo bila mtu wa kukaa nawe ni amri nyingine ya Nairobi.

Mbinu iliyo ngumu kuliko zote haigharimu hata shilingi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza. Jaribu mezani kwako uone sekunde tatu zilivyo ndefu.

Kuna mahali ukocha haufai. Asiyewahi kuiona chulebuni hawezi kuulizwa anaonaje, aonyeshwe kwanza. Nyumba ikiungua hakuna mazungumzo ya lengo. Na mtu asiyelala wala kula kwa majonzi apelekwe kwa wanasihi na wanasaikolojia wanaosimamiwa na sheria ya mwaka 2014, wala asiachwe mikononi mwa kocha wa maisha mwenye bango zuri.

Mzee wetu wa Ruiru bado ana swali moja ambalo kocha asilisahau: "Na mama anasemaje?" Akiamua kuuza nusu ya shamba, halitaepukika, kwa kuwa ardhi ya kilimo nchini Kenya haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na huko ataulizwa hilo hilo mbele ya watu.