Mtoto asomee nini?

Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, wazazi wa komini ya Bungulu, mjini Beni, huulizana mtoto asomee nini. Mara nyingi jibu hufuata pesa zilipo siku hiyo. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, pesa zilikuwa kwenye riposti, yaani mapambano dhidi ya ugonjwa huo: kupima watu joto, kuwanawisha mikono, kuendesha magari, kuzika maiti kwa usalama. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ukatangazwa umekwisha, na ajira hizo zikaisha nao. Aliyekimbilia uuguzi kwa ajili ya mishahara ile alipata diploma wakati magari yameshaondoka.

Sasa ni zamu ya utawala. Goma, makao makuu ya jimbo letu, ilipotekwa na waasi mwanzoni mwa 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Wenye nyumba za kupangisha wana haki ya kufurahi. Ila masomo huchukua miaka, na makao hayo ni ya muda.

Marekani, idara ya takwimu za kazi hukadiria ajira za miaka kumi ijayo, fani kwa fani. Makadirio yake yanaonyesha jambo tunalolisahau: nafasi nyingi huachwa na wanaostaafu au kubadili kazi; si za kazi mpya. Kwetu hesabu hiyo inakwama mapema, maana sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Aliyezaliwa mwaka ule huenda ana mjukuu.

Hata hivyo, kakao inahesabika. Mche huchukua miaka mitatu hadi mitano kuzaa, kwa hiyo miche ya leo inatuambia magunia ya kesho, vita vikiruhusu. Tangu 2014 mashamba mengi ya Beni yamekimbiwa kwa hofu ya waasi wa ADF. Bei haitabiriki: Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 sokoni New York, kisha 2025 ikaporomoka. Lakini bei iwe yoyote, punje mbichi lazima zivundikwe kwenye sanduku la mbao, zifunikwe majani ya mgomba, zigeuzwe kwa siku kadhaa hadi zinuke siki, ndipo zianikwe. Mkaguzi hupasua punje kwa kisu: ya zambarau haikuvundikwa vya kutosha, ya kahawia ni nzuri. Mimi ningemfundisha mwanangu kazi hiyo kabla ya kumtafutia ofisi.

Ualimu ni mgumu zaidi kukadiria. Shule ya msingi ya serikali ikawa bure Septemba 2019, madarasa yakafurika. Walimu wanahitajika, lakini wengi wanafundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Uhitaji haujawa ajira mpaka apatikane wa kulipa. Madirekta wa shule za Bungulu waulizwe mambo mawili tu: walimu wangapi wanakaribia kustaafu, na wangapi tayari wanasubiri nafasi hizo bila mshahara? Majibu yabandikwe kwenye ofisi ya komini kabla vyuo havijaanza kuandikisha.