Maji Twahara, Maji Salama: Funzo la Chupa Mbili za Kisima cha Msikiti

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia kutoka mbinguni maji yaliyo twahara, kama tunavyosoma katika Surat al-Furqan. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha kuyalinda maji hayo: akakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaamrisha vyombo vifunikwe usiku, na akamtaka mtu aamkaye usingizini asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu.

Ndugu msomaji, wiki hii tunasimulia jambo lililotufika sisi wenyewe katika kamati ya msikiti wetu hapa Mpanda. Si jambo la kujivunia, lakini tunaliandika kwa sababu misikiti na madrasa nyingi za mkoa wetu wa Katavi hutegemea visima na matangi kama sisi, na huenda wengine wakanusurika na kosa tulilolifanya.

Msikiti wetu una kisima kilichochimbwa na ndugu mmoja kwa niaba ya marehemu mama yake, kiwe sadaka yenye kuendelea. Maji hupandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi la lita 5,000, kisha hushuka kwenye koki za udhu na ile ya madrasa ambayo watoto huinywea. Kiangazi kilichopita watoto kadhaa wa madrasa waliharisha katika juma moja. Mzazi mmoja akauliza mbele ya jamaa, baada ya sala ya Isha: je, maji haya yamewahi kupimwa? Hatukuwa na jibu.

Tukaamua kupima. Katibu akatafuta chupa ya soda, akaisuuza vizuri, akaijaza kwenye koki ya madrasa hadi ukingoni, akaifunga na kumkabidhi kondakta wa basi liendalo mkoa jirani. Chupa ikakaa chini ya kiti mchana kutwa, ikalala stendi, ikafika maabara siku ya pili. Majibu yakaja kwamba maji yana vimelea vingi vya kinyesi, pamoja na angalizo la mtaalamu kuwa sampuli haikuchukuliwa ipasavyo. Sisi tukasoma mstari wa kwanza, angalizo tukalipita. Tukatangaza kuwa kisima ni kichafu na tukakifunga kwa siku tisa.

Yule ndugu aliyekichimba hakutujibu kwa ukali. Alitusalimia, akauliza iwapo ujira wa mama yake umekatika, akaondoka. Neno lile lilituuma kuliko lawama.

Ndipo tukamwendea mtaalamu wa afya ya mazingira atufundishe. Jambo la kwanza alilotuambia ni kuwa sampuli ya maji ni mfano wa shahidi: asipokuwa mwadilifu, hukumu nzima huharibika. Chupa ya soda haikuwa imetakaswa kwa mvuke wa moto, mkono ulishika mdomo wa chupa, na joto la basi liliwapa vimelea wachache nafasi ya kuzaana. Aliyapima maji hayo hakuwa na njia ya kujua kama uchafu umetoka kisimani, kwenye tangi, kwenye koki au mkononi mwetu.

Utaratibu aliotuelekeza ni huu, nasi tunauweka hapa kwa faida ya kila kamati.

Chupa itolewe na maabara yenyewe, ikiwa imetakaswa na kufungwa. Kama maji yametiwa klorini, ndani yake huwekwa kiasi kidogo cha sodiamu thaiosalfeti, ambayo huizima klorini pale pale. Bila hiyo, klorini huendelea kuua vimelea njiani na majibu huja mazuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo chupa hiyo haisuuzwi kabla ya kujazwa.

Kwenye koki, ondoa mpira au kitambaa kilichofungwa, pangusa mdomo wake, kisha fungulia maji yatiririke dakika mbili au tatu. Koki ya chuma huunguzwa kwa ndimi za moto wa pamba yenye spiriti. Ya plastiki hufutwa kwa spiriti tu. Acha maji yatiririke tena kidogo. Fungua chupa, shika kifuniko kikiangalia chini, usikiweke popote wala usikiguse ndani. Jaza, lakini bakiza nafasi ya hewa, kisha funga mara moja.

Kwenye birika la udhu, bwawa la kuogelea au chemchemi, shika chupa karibu na kitako, izamishe mdomo ukiwa chini hadi kina cha kama sentimita 30, kisha igeuze na kuisukuma mbele, mbali na mkono wako, ili maji yaingiayo yasiwe yaliyopita mkononi. Wenzetu wa Majimoto, kule Mpimbwe, ambako watu huoga katika chemchemi za moto, wafuate njia hiyo hiyo, na joto la maji lipimwe hapo hapo. Klorini nayo hupimwa papo hapo kwa kidonge kinachoyapa maji rangi ya waridi, maana haisubiri safari.

Andika kwenye chupa mahali, sehemu iliyochotwa, tarehe, saa na jina la mchukuaji. Weka chupa kwenye deli lenye barafu, mbali na jua. Bora ifike maabara ndani ya saa 6, na isizidi saa 24. Kwa upimaji wa madini hutumika chupa nyingine, ya plastiki, ambayo aghalabu husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale. Hilo lisipuuzwe kwetu: ardhi ya Mpanda ilichimbwa madini ya risasi tangu enzi ya mkoloni, na wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki hadi leo. Risasi na zebaki haziuawi kwa kuchemsha maji.

Safari ya pili hatukuchukua chupa moja. Tulichukua tatu: kwenye pampu ya kisima, ndani ya tangi, na kwenye koki ya madrasa. Mmoja wetu alisafiri nazo usiku, deli mapajani, na kuzikabidhi asubuhi kwa mkono wake.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha maji ya kunywa kwamba kimelea cha E. koli kisionekane hata kimoja katika mililita 100. Chupa ya pampu ilikuwa hivyo hivyo: hakuna hata kimoja. Chupa ya tangi na ya koki zilikuwa na vimelea. Tukapanda juu ya tangi, jambo ambalo kamati haikulifanya kwa muda mrefu, tukakuta kifuniko kimepasuka na kinyesi cha njiwa kimeingia. Kisima cha marehemu kilikuwa safi. Uchafu ulikuwa wa uangalizi wetu.

Hapo likazuka swali la pili, zito zaidi kwa wazee wetu: je, sala za miezi yote ile zirudiwe? Imamu wetu alijibu kwa utulivu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofikia kulatayni, ambayo wanazuoni wa zama hizi huyakadiria kuwa lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Tangi letu halikuwa limebadilika hata kimoja. Sala ni sahihi. Wazee wakapumua.

Lakini Imamu aliongeza jambo ambalo ndilo tunalotaka msomaji aondoke nalo. Twahara ni hukumu ya ibada, usalama ni hukumu ya mwili, na sheria yetu inataka vyote viwili. Mafakihi wa Kishafii walizungumzia ukaraha wa kutumia maji yaliyopashwa moto na jua katika vyombo vya madini kwa kuhofia maradhi, ingawa maji hayo ni twahara. Imamu Nawawi hakuuafiki ukaraha huo, lakini mjadala wenyewe unaonyesha kuwa afya haikuwa nje ya fikihi. Na kanuni inayotokana na Hadithi ya Mtume (s.a.w.) ni mashuhuri: hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Mfano wa nje unatisha zaidi. Mjini Karachi, Pakistani, watu wamefariki kwa amiba aitwaye Naegleria fowleri, aishiye katika maji baridi yenye joto, ambaye hupenya kupitia puani hadi kwenye ubongo; maji ya udhu yasiyo na klorini ya kutosha ni miongoni mwa njia zinazoshukiwa. Ugonjwa huu ni nadra mno, na kuyanywa maji hayo hakuuleti. Hatuliandiki hili ili mtu aache sunna ya kupandisha maji puani, bali ili ajue kuwa mwenye dhamana ya tangi la msikiti ameshika amana ya uhai wa watu.

Tangi likasuguliwa, likatiwa klorini kwa kipimo cha mtaalamu, likamwagwa na kujazwa upya. Harufu ndogo ya dawa haiyaondolei maji jina la maji, hivyo udhu wake ni sahihi. Kifuniko ni kipya, na daftari la kamati sasa lina ukurasa wa maji: tangi kukaguliwa kila mwezi, sampuli kuchukuliwa mwanzo wa masika na katikati ya kiangazi.

Ijumaa iliyofuata, kwa kuwa tulikishutumu kisima hadharani, tulisimama hadharani kumwomba radhi mwenye sadaka. Alitusamehe, akaenda kwenye koki ya madrasa, akanywa.

Wabillahi tawfiq.